Siku Saba Nikilifuata Jua la Munch

Siku ya kwanza, 15 Machi. Oslo

Wifi yangu alinisubiri uwanja wa ndege akiwa na koti la kaka begani. "Livae kabla hatujavuka mlango, wifi. Baridi ya huku haibishi hodi." Nikalivaa. Kweli haikubisha.

Nimekuja Norwe kuangalia kazi za mchoraji mmoja, Edvard Munch, na huenda ni vizuri nieleze mapema kwa nini, maana mimi na yeye kwa juujuu hatufanani. Yeye anajulikana dunia nzima kwa sura moja yenye mdomo wazi. Mimi nachora dhahania: rangi, mistari, tabaka juu ya tabaka. Nilianza kwa kutia nukta kwenye mabawa ya ndege wa Tingatinga pale Morogoro Stores, Oysterbay, nikiwasaidia wakubwa. Kidogo kidogo nukta zikaanza kunivutia kuliko ndege wenyewe. Sasa ni miaka kumi na saba sijachora mtu. Mama yangu, kila nikimwonyesha picha mpya, huiangalia kwa adabu, kisha huniuliza swali lilelile: "Rangi nzuri, mwanangu. Lakini mtu yuko wapi?"

Masika iliyopita paa la chumba nilichopanga lilivuja usiku kucha. Picha ishirini na moja zililoa. Kitambaa cha marekani nilichokiwamba kikanywa maji, rangi ikachuruzika, na baada ya wiki ukungu ukaota. Tangu siku hiyo sikushika brashi. Ndipo rafiki yangu mmoja akanitumia kwenye simu picha ya kipande cha kazi ya Munch, kipande tu, kimekuzwa mpaka huoni ni cha nini. Nikaona mikwaruzo, michirizi, rangi iliyokwanguliwa na kupakwa upya. Nilidhani ni kazi ya mchoraji wa dhahania wa siku hizi. Akaniambia hapana, hicho ni kipande cha shuka la mtoto mgonjwa, kimechorwa 1886. Nikaanza kudunduliza nauli.

Jioni tumetembea mpaka Bjørvika, ukingoni mwa maji, kuliona jengo la makumbusho ya MUNCH kwa nje. Lina ghorofa kumi na tatu na sehemu yake ya juu imeinama, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa. Lilifunguliwa Oktoba 2021. Theluji kuukuu imerundikwa kando ya njia, imekuwa ya kijivu. Kesho naanzia kwingine.

Siku ya pili, 16 Machi. Makumbusho ya Taifa

Nilisimama mbele ya "Mtoto Mgonjwa" kwa saa nzima na zaidi.

Picha ni karibu mraba, kama sentimita 120 kila upande. Msichana mwenye nywele nyekundu ameegemea mto mkubwa mweupe, uso wake umeelekea upande wa pazia jeusi. Mwanamke ameinamisha kichwa mbele yake. Ni hayo tu. Munch alikuwa na miaka mitano mama yake alipofariki kwa kifua kikuu mwaka 1868, na miaka kumi na tatu dada yake Sophie alipochukuliwa na ugonjwa uleule mwaka 1877. Sophie alikuwa na miaka kumi na mitano. Kwa hiyo unaingia chumbani ukijua ni msiba, na unatarajia uso ndio ukulize.

Haukuwa uso. Uso umechorwa kwa wepesi, karibu hauna uzito, mwanga wa mto unaula. Kilichonishika ni rangi yenyewe. Alipaka, akakwangua, akapaka, akakwangua, kwa takriban mwaka mzima. Mikwaruzo imekwenda wima na kulala, mingine ameivuta juu ya nywele, mingine juu ya shuka. Kuna mahali rangi iliyozimuliwa sana imetiririka chini na yeye akaiacha. Katikati ya picha, pale mikono ya wawili hao inapokutana, hakuna vidole. Kuna doa. Doa la rangi lisilo na umbo, na hapo ndipo mshiko wote wa picha ulipo. Angechora vidole kumi kwa ustadi angetuonyesha mikono. Doa lile linatuonyesha kushikana.

Ilipoonyeshwa mara ya kwanza hapa mjini mwaka 1886, aliiita "Mchoro wa Mazoezi", na watu waliicheka na kusema haijakamilika. Hakuacha. Kwa miaka arobaini aliirudia, mpaka zikawa picha sita za rangi za mtoto yuleyule. Mimi naamini mtu harudii kitu mara sita kwa kupenda sura yake. Anarudia kwa sababu mkono bado unatafuta.

Nilisogea karibu mno nikichungulia kona ya chini, mlinzi akakohoa. Nikaomba radhi kwa Kiingereza changu, akaniangalia, akauliza: "Mama, unasemaka Kiswahili?" Ni kijana wa Kivu, amekulia huku. Akaniambia kwa Kiswahili chao kitamu: "Batu banakuyaka, banapiga foto, banaenda. Weye unaangaliya nini ku kona saa nzima?" Nikamwonyesha michirizi. Akainama, akaangalia kimya, akasema amesimama chumba hiki miezi na hakuwahi kuiona. Baadaye nilimwona amerudi peke yake kuinamia kona ileile.

"Yowe" la 1893 limo chumba hichohicho, na mbele yake pana msongamano wa simu. Nilisubiri watu wapungue. Naomba msomaji, ukiwahi kufika, usianze na yule mtu wa katikati. Anza na kadibodi. Kazi hii haikuchorwa kwenye turubai, ni kadibodi, na sehemu nyingi ile kahawia unayoiona ni kadibodi yenyewe ameiacha wazi. Penseli ya rangi imepita kwa kasi, rangi imepita juu yake nyembamba. Chini pana madoa meupe ambayo kwa miaka mingi watu walidhani ni kinyesi cha ndege. Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Antwerp walipima wakakuta ni nta ya mshumaa. Nikafikiria chumba, usiku, mshumaa umeinamishwa karibu na picha. Na juu, ndani ya wingu jekundu, kuna maandishi madogo ya penseli: kwamba picha hii ingeweza tu kuchorwa na mwendawazimu. Ilibishaniwa sana nani aliandika, mpaka 2021 makumbusho haya yalipolinganisha mwandiko na kuthibitisha ni wa Munch mwenyewe.

Mwenyewe aliandika kwamba alikuwa akitembea na marafiki wawili, jua likatua, mbingu ikawa nyekundu kama damu, naye akahisi yowe kubwa likipita katika maumbile. Yule mtu, kwa hiyo, anaziba masikio. Sauti iko kwenye mistari: mistari ya mbingu inayopinda, mistari ya maji inayopinda, na ukingo wa daraja ulionyooka kama rula unaokataa kupinda. Ukimwondoa mtu, picha inaendelea kupiga yowe. Nilijaribu kwa kumziba kwa kidole gumba nikiwa nimesimama mbali. Bado ilipiga.

Siku ya tatu, 17 Machi. MUNCH

Makumbusho ya leo ni ya kazi zake alizoiachia manispaa ya Oslo kwa wasia wa mwaka 1940: zaidi ya picha 1,000 za rangi, na maelfu ya picha za kuchapa na michoro ya karatasi. Alifariki Januari 1944, jiji likiwa chini ya Wajerumani.

Hapa wana "Yowe" zaidi ya moja, na huonyeshwa kwa zamu, moja wazi na nyingine zimefungiwa gizani, kwa kuwa mwanga unazichosha. Nilibahatika kuikuta ile ya rangi, ambayo iliibwa kwa mtutu wa bunduki mwaka 2004 na kupatikana 2006. Ilirudi na unyevu. Kona ya chini kushoto ina doa la maji, na mafundi wa makumbusho hawakuweza kuliondoa lote. Nilisimama pale nikilitazama doa lile nikasahau mengine yote. Lilikuwa na rangi ileile ya madoa ya chumbani kwangu, kahawia yenye ukingo.

Ghorofa ya sita imetengwa kwa picha kubwa sana, na mojawapo ni "Jua" katika moja ya matoleo yake ya majaribio. Ni kubwa kiasi kwamba jengo lilipokuwa likimaliziwa, picha hizi ziliinuliwa kwa winchi na kuingizwa kupitia mwanya ulioachwa ukutani. Sikukaa nayo sana. Nilitaka nilione lile lenyewe, la Aula, ukumbi wa Chuo Kikuu cha Oslo, siku ya mwisho, na macho yawe mapya.

Nimekaa zaidi na picha za uzeeni. Watu wengi wanazipita, na kwa maoni yangu wanakosea. Rangi zimekuwa nyepesi kama maji, turubai inaonekana kati ya mapigo ya brashi, na kuna nyingine zina madoa ya mvua na rangi iliyobanduka. Hiyo ina sababu, na kesho nakwenda mahali penyewe.

Siku ya nne, 18 Machi. Ekely

Tramu, kisha kutembea. Mvua ya barafu.

Ekely ni kiwanja alichokinunua 1916 na kuishi mpaka kufa. Nyumba yake ilivunjwa 1960. Kilichobaki ni karakana ya majira ya baridi, ya 1929, jengo la matofali lililo kimya kati ya nyumba za wasanii wengine. Sikuingia ndani. Nilizunguka nje.

Alikuwa pia na karakana zisizo na paa, kuta za mbao tu, na humo alitundika picha na kuziacha nje kwenye jua, mvua na theluji, wakati mwingine kwa muda mrefu. Waliomzunguka walikuwa na jina la jambo hili, "tiba ya farasi": dawa kali, mgonjwa apone au afe. Wapo wanaosema alikuwa mzembe tu, hakuwa na nafasi ya kutosha. Sioni hivyo. Mtu aliyekwangua "Mtoto Mgonjwa" mwaka mzima anajua uso wa picha ni kitu gani. Nadhani aliruhusu hali ya hewa iingie kazini kama mkono wa pili.

Sitasema nimefurahi paa lilipovuja. Zile picha nilizililia na bado nazililia. Ila leo nimempigia kijana anayenitunzia vitu nikamwomba asizitupe zile kumi na nne zilizobaki. Azitandaze uani, zikauke, asizifute ukungu kwa nguvu.

Siku ya tano, 19 Machi. Njia ya Kragerø

Basi kusini, kama saa tatu. Mashamba yenye mabaki ya theluji, misonobari, mahandaki. Nimelala nusu ya njia. Nyumba ya wageni iko juu ya bandari, na mwenye nyumba, mama mtu mzima, alinipa supu ya samaki aina ya chewa wa huku. Nilipomwambia nataka kuona jua likichomoza, alinionyesha kwa kidole mwamba ulioko nyuma ya nyumba, kama mtu anayeonyesha choo kilipo. Kwake ni kitu cha kila siku.

Siku ya sita, 20 Machi. Kragerø, alfajiri

Niliichagua tarehe hii makusudi. Ni siku ambayo usiku na mchana hulingana dunia nzima, na kwa hiyo jua la Kragerø na jua la Tanga huchomoza karibu saa ileile kwa saa ya kila mahali, saa kumi na mbili na dakika ishirini na kitu. Nilitaka nianze kwa usawa.

Munch alikuja hapa 1909, ametoka kutibiwa kwa miezi kadhaa kwenye kliniki huko Copenhagen, mishipa ya fahamu imemchoka na pombe imemchosha. Alikodi nyumba iitwayo Skrubben, akajenga karakana ya wazi, na hapa ndipo alipoanza kuzitengeneza picha kubwa za ukumbi wa chuo kikuu.

Nilipanda mwambani saa kumi na moja. Bahari mbele, visiwa vidogo vimetapakaa kama vipande vya ukoko vilivyoachwa kwenye sufuria, na ukimya. Nikasubiri.

Ninaposema nimeshangaa, nataka nieleze nilichokishangaa. Kwetu jua hupanda karibu wima. Kunapambazuka, unatia maji birika, ukigeuka limeshatoka lote. Kule Tanga tangu ukingo wake uonekane mpaka duara litimie ni dakika mbili. Kule Kragerø jua huchomoza kwa mshazari, kiasi cha digrii 31 tu kutoka mstari wa bahari, linateleza pembeni huku likipanda, na duara lilichukua dakika nne. Kabla ya hapo alfajiri ilikuwa imekaa muda mrefu mno. Rangi hazikupita haraka haraka: zambarau ilikaa, ikapisha nyekundu ya matofali, nyekundu ikapisha chungwa, na chini yake maji yakabaki kijani ya chupa. Mtu anapewa muda wa kuchanganya rangi. Nikafahamu kwa mwili, nimesimama nimekufa ganzi vidole, kwa nini rangi za mtu huyu zimelala kwa mikanda, mmoja juu ya mwingine. Nilizidhani ni ndoto zake. Nyingi ni hesabu ya mwanga wa kwao.

Halafu ukingo ukatoka, mweupe, na kwa kuwa nilikuwa nimeukodolea macho, miale ikaanza kunisimamia machoni, iliyonyooka, nyekundu na kijani na buluu, na kila nilipofumba macho duara likabaki ndani ya kope. Nilikaa chini. Nilikuwa na daftari na chaki tatu za rangi. Nilichora duara, nikalikwangua kwa ukucha, nikalichora tena. Ndiyo mara ya kwanza tangu masika.

Mwenye nyumba alinikuta nashuka, akaniletea kahawa mlangoni bila kuuliza kitu.

Siku ya saba, 21 Machi. Aula

Ukumbi wa Aula uko ndani ya jengo la zamani la Chuo Kikuu cha Oslo, barabara ya Karl Johans gate. Wifi alinikatia tiketi ya tamasha la piano la mchana ili nipate kuingia na kukaa kwa raha. Picha ni kumi na moja kwa jumla, zilizinduliwa 1916 baada ya miaka ya ubishi, maana kamati ilisitasita sana kabla ya kuzikubali. Upande mmoja mzee anamsimulia mtoto chini ya mti mkubwa. Upande wa pili mama ananyonyesha. Na mbele kabisa, ukuta mzima, "Jua": upana mita 7.8, kimo mita 4.55.

Piano ilianza na sikuisikia.

Katikati ni nyeupe iliyokolea njano, nene, imepakwa kwa kuzungushwa. Kutoka hapo miale imetupwa nje kwa mistari iliyonyooka, inakata mbingu, inakata maji, inashuka mpaka kwenye miamba niliyokuwa nimeikalia jana. Baadhi ya miale ni pigo moja tu la brashi, refu kuliko mkono wangu, na unaona mahali brashi ilipoanza kukauka. Mstari wa bahari uko. Ukanda wa kijani uko. Miamba ya buluu na zambarau iko. Kila kitu ni cha kweli, na wakati huohuo ukisogeza jicho kidogo ni duara, mikanda na mistari, kazi ambayo ningeweza kuisaini mimi kama ningekuwa na nguvu za kutosha. Mbavuni, kwenye picha za pembeni, watu wasio na nguo wanajinyoosha kuelekea mwanga. Ndani ya Jua lenyewe hakuna mtu.

Miaka yote nimemsikia Munch akitajwa kuwa mchoraji wa huzuni. Huyu aliyechora ukuta huu ni yuleyule aliyekwangua shuka la dada yake. Mkono haukubadilika. Mkwaruzo wa msiba na mwale wa jua ni pigo lilelile la brashi, limeelekezwa kwingine.

Kuna jambo jingine lililonifanya niangalie viti na jukwaa kwa heshima. Kuanzia 1947 hadi 1989, Tuzo ya Amani ya Nobel ilitolewa ndani ya ukumbi huu. Albert Luthuli wa Afrika Kusini, Mwafrika wa kwanza kuipata, aliipokea tarehe 10 Desemba 1961. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru jana yake. Martin Luther King aliipokea humu 1964, Desmond Tutu 1984. Wangari Maathai alipokuja, 2004, sherehe ilikuwa imeshahamia Jumba la Jiji. Lakini Luthuli alisimama hapa, mwenge wetu wa Kilimanjaro ukiwa na siku moja, na nyuma yake mbele ya macho ya wote lilikuwa Jua hili. Nilivuta picha hiyo akilini mpaka makofi yakaniamsha, tamasha limekwisha.

Nje, kwenye ngazi, nilimpigia mama kwa video. Kabla ya tamasha nilikuwa nimempigia picha moja ya ukuta, nikamtumia. Alikuwa ameshaiangalia.

"Hilo jua la saa moja asubuhi," akasema. "Nguo hazijaanza kukauka. Tena linatoka baharini. Umekwenda Pangani?"

"Hapana mama. Ni huku kwao."

Akanyamaza, nikamwona anaileta simu karibu na macho. Nikasubiri lile swali lake.

"Na aliyelichora alisimama wapi?"

"Juu ya mwamba, mama. Bahari iko mbele yake, visiwa vidogo vidogo."

"Basi namwona," akasema, kisha akaniuliza kama wifi ananipa chakula cha kutosha.